Likizo ya Desemba na Karo ya Januari

Shule zifungapo mwishoni mwa mwaka, watoto hutamani kuiona Mombasa, na baba huona haya kuwakatalia. Si vibaya kuwaonyesha watoto nchi yao. Vibaya ni kutumia Desemba fedha zitakiwazo shuleni Januari, kisha mtoto akarudishwa nyumbani kwa kukosa karo.

Mwenye busara hupanga safari tangu Agosti. Kwanza ni nauli. Mabasi hupandisha nauli Krismasi ikaribiapo, lakini gari la moshi la Nairobi hadi Mombasa, lililoanza mwaka 2017, lina nauli moja kwa wote wa daraja moja. Mwaka 2024 nauli ya daraja la chini iliwekwa shilingi 1,500, na mtoto wa miaka 3 hadi 11 nusu yake. Basi mume, mke na watoto watatu wadogo walihitaji shilingi 5,250 kwenda, na kiasi hicho kurudi. Ila tikiti huisha mapema. Achelewaye huangukia basi.

Pili ni malazi. Aliye na ndugu Mombasa ampashe habari mapema, wala asiende mikono mitupu: mfuko wa maharagwe ya shambani humpunguzia mwenyeji gharama.

Tatu ni matembezi. Kuoga baharini hakuna malipo, na wavukao Likoni kwa miguu hawatozwi kitu katika feri. Fedha chache zibakizwe kwa kiingilio cha Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Humo mtoto hupata somo.

Karo itengwe kwanza, safari ifuate. Akiba haiozi.