Pima Kwanza, Ndipo Uondoe Ngano

Mwandishi aliyewashauri wazazi wamwachishe mtoto chapati na mandazi, kisha waone kama tumbo litatulia, ana nia njema, lakini ushauri wake unaziba njia ya ukweli. Kipimo cha damu cha siliaki, ugonjwa ambao gluteni huumiza utumbo, hutafuta kingamwili zinazotokea mtoto mwenye ugonjwa huo anapokula gluteni, protini iliyomo katika ngano na shayiri. Akiiacha, kingamwili hupungua, utumbo huanza kupona, na majibu yanaweza kuonyesha hana ugonjwa ilhali anao. Nafuu peke yake si ushahidi, kwani hata mwenye mzio wa ngano huipata.

Wapo watakaosema siliaki ni ugonjwa wa Wazungu. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uliukuta kwa zaidi ya asilimia 5 ya watoto wa Sahara Magharibi. Wengine watauliza, mtoto ateseke hadi lini? Swali ni la haki, na jibu lake ni kudai mtoto apimwe haraka, pamoja na kiwango cha jumla cha IgA (aina ya kingamwili), maana mwenye upungufu wa IgA kipimo cha kawaida humkosa. Siliaki humaanisha mwiko wa gluteni wa maisha yote. Hatuna haki ya kumtwika mtoto mwiko huo kwa kubahatisha.