Je, Kikombe cha Yai Kina Faida?



Labda umekwisha kuona kikombe cha yai. Ni kikombe kidogo chenye mguu, hakina mkono, na nafasi yake ni ya yai moja tu. Wabelgiji walikuwa na desturi ya kula hivi asubuhi: yai huchemshwa kidogo, husimamishwa katika kikombe hicho, hukatwa kichwa kwa kisu, kisha kiini kinachotiririka huliwa kwa kijiko au kwa kipande cha mkate. Mji wa Kolwezi ulianzishwa na Union Minière mwaka 1937, na watu waliotumika katika nyumba za wakubwa waliiona desturi hiyo. Wengine hata leo huona kwamba kula yai hivi ni ustaarabu. Je, tununue vikombe hivi? Je, tuwape watoto wetu yai laini?

Jibu langu ni hili: kikombe si kibaya, lakini hakipiki yai. Na hapa kwetu yai laini halifai kwa mtoto, wala kwa mama mwenye mimba, wala kwa mzee, wala kwa mgonjwa.

Fikiri kwanza juu ya maji yenyewe. Vitabu vya mapishi vya Ulaya husema, chemsha yai laini dakika 3 au 4. Vitabu hivyo viliandikwa kwa watu wanaokaa karibu na usawa wa bahari, mahali ambapo maji huchemka kwa digrii 100. Kolwezi iko juu, karibu mita 1,450, na hapa maji huchemka kwa digrii 95 hivi. Sufuria yako juu ya mbabula hutoa mapovu kama sufuria ya Ulaya, lakini joto lake ni pungufu. Kwa hiyo yai la dakika 3 hapa Kolwezi ni bichi kuliko yai la dakika 3 kule Antwerpen.

Sasa fikiri juu ya kuku. Kijidudu kiitwacho salmonela hukaa katika matumbo yake. Pengine hushika ganda kwa nje pamoja na mavi. Pengine huingia ndani ya yai kabla ganda halijafanyika. Yai la namna hiyo halina harufu wala rangi ya kulitambua. Mama wengi hulitia yai katika maji: likilala chini ni jipya, likielea ni la zamani. Jaribio hilo ni zuri, lakini huonyesha umri wa yai tu, halionyeshi vijidudu. Moto ndio unaoviua, na katika yai laini moto haujafika katikati.

Mtu atasema, "Mbona Wazungu hula wasiugue?" Nao waliugua. Mwezi wa Desemba 1988 watu wa Uingereza walishtuka kwa habari ya salmonela katika mayai, hata Edwina Currie, waziri mdogo wa afya aliyeisema, akaacha kazi yake. Baadaye wafugaji walianza kuwachanja kuku na kupiga muhuri wa simba juu ya mayai yao. Ilipofika mwaka 2017 ndipo wakuu wa chakula waliposema kwamba mama mwenye mimba na mtoto mchanga wanaweza kula yai laini, nalo liwe na muhuri ule. Basi usalama wa yai lao hautoki katika kikombe, hutoka katika banda la kuku.

Na mayai yetu je? Mengi huja kwa lori kutoka Zambia, hupita Kasumbalesa na Lubumbashi, kisha hukaa sokoni katika joto. Mengine hutoka kwa kuku wa uani. Muuzaji hawezi kukuambia kama kuku yule alichanjwa.

Mtu mzima mwenye nguvu akishikwa na salmonela, huharisha na kuwa na homa siku chache. Lakini mtoto mdogo ambaye malaria imempunguzia damu, au aliyekonda kwa kukosa chakula, hana nguvu ya kushindana. Kijidudu huweza kuingia katika damu yake na kumwua.

Wengine husema yai bichi huleta nguvu. Si kweli. Mwaka 1998 wataalamu wa Leuven, Ubelgiji, walipima jambo hilo. Walikuta kwamba protini ya yai lililopikwa huingia mwilini karibu sehemu 9 katika 10, na ya yai bichi karibu nusu tu. Anayekunywa yai bichi hupoteza fedha yake pamoja na nguvu anazozitafuta.

Tukisifu kikombe, tukisifu kwa jambo moja: anayekitumia hagusi chakula kwa vidole. Hapa kwetu jambo hilo si dogo, kwa maana vumbi la machimbo hushika mikono ya baba atokaye kazini na ya mtoto achezaye uani. Lakini sabuni na maji hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, nawe huwezi kula bukari na sombe katika kikombe cha yai.

Fanya hivi. Osha ganda kabla tu ya kupika. Maji yakichemka, tia mayai, hesabu dakika 12. Kiini kigande chote. Nawa mikono, kisha menya. Au kata yai katikati pamoja na ganda lake, ule kwa kijiko. Ukinunua yai lililochemshwa kwa vijana wa barabarani, chagua lenye ganda zima, ulimenye mwenyewe.

Kama unacho kikombe cha yai, kitumie, ukiweka ndani yake yai lililoiva. Kama huna, usikinunue. Nenda na fedha hiyo sokoni, ununue mayai, umpe mtoto wako moja leo na jingine kesho.