Kunakili Si Kuiba

Elimo Njau, mchoraji aliyeshiriki kuasisi kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, alishikilia kwamba kunakili humlaza Mungu usingizi. Kauli hiyo ina uzito, kwani mwenyewe, katika michoro yake ya ukutani kanisani Murang'a mwishoni mwa miaka ya 1950, aliyaweka maisha ya Kristo katika mandhari ya nchi ya Wagikuyu. Hata hivyo, ikifanywa sheria, kauli hiyo itamfungia mlango kijana wa Kaloleni, Jericho au Dandora asiye na karo ya chuo cha sanaa. Mwalimu aliye naye ni picha iliyokwisha kuchorwa.

Chukua "Karamu ya Mwisho" ya Leonardo da Vinci, ambayo nakala zake hutundikwa katika sebule nyingi za mitaa hiyo. Watu ni kumi na watatu, meza moja. Anayeanza kuchora kundi aghalabu huwapanga watu kama askari gwarideni: vichwa sawia, mabega sawia, kila mtu peke yake. Akiinakili picha hii kwa penseli, atagundua kwamba wanafunzi kumi na wawili wamegawanywa katika mafungu manne ya watatu watatu. Kwamba mikono na macho ndiyo yanayounganisha fungu na fungu. Na kwamba Yesu, aliyetengwa katikati, ametulia ilhali wenzake wametaharuki. Mambo haya ni vigumu kuyashika kwa maelezo matupu. Mkono huyajua kwa kuyapitia.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tusishangae. Ni nani kati yetu aliyetunga tarbia bila kwanza kufuata vina na mizani vya waliomtangulia? Umbo huazimwa, maudhui huwa ya mtungaji.

Hatari ipo, nayo ni kukwama. Anayehamisha sura ileile kutoka bangoni hadi ubavuni mwa matatu, mwaka nenda mwaka rudi, anapata riziki ya halali, lakini hajajifunza kupanga kundi.

Kwa hivyo naiafiki nusu ya kauli ya Njau. Baada ya nakala ya kwanza, mpangilio ubaki, watu wabadilike: mafungu yale manne yawe abiria wanaogombania gari la Umoja, au wateja waliomzunguka mama mboga. Nasi tunaomkemea kijana kwa kuiga, tumwulize kwanza: umejifunza nini, na sasa utamchora nani?