Jiko Jipya Lisibomoe Nyumba ya Kale

Mwenye nyumba ya mawe katika Mji wa Kale wa Lamu ana haki ya kupika kwa raha. Hakuna sheria inayomtaka akae kwenye moshi na mafiga ili mgeni apate picha. Tunalitanguliza hili kwa sababu wako wanaodhani kuhifadhi ni kumnyima mama wa nyumba bomba la maji, na wako wengine, hasa wanunuzi wapya wa majumba, wanaolifanya jiko kuwa kisingizio cha kubomoa. Wote wamekosea, ila kosa la hawa wa pili halina marekebisho.

Lamu iliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001 ikiwa mji ambao watu wanazaa, wanaoza na kuzika ndani yake. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 nayo ipo. Basi anayenunua nyumba katika mtaa wa Mkomani, ndani ya mji huu, hanunui kuta tu. Ananunua na wajibu.

Nyumba zile zina akili yake. Kuta ni za matumbawe na chokaa. Dari zimebebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, pungufu ya mita 3. Jiko liliwekwa juu kabisa, chini ya makuti, joto na moshi vipate pa kutokea. Leo jiko hilo linashushwa hadi chumba cha ndani, makabati yanapigiliwa misumari juu ya zidaka, na ukuta unavikwa saruji na vigae kutoka sakafuni hadi darini. Mwaka wa kwanza panapendeza.

Baada ya hapo ukuta huanza kudai haki yake. Unyevu wenye chumvi hupanda kutoka ardhini, na lipu ya chokaa huuachia utoke polepole. Saruji huuzuia. Ukikosa njia, unyevu hupanda juu zaidi na kutafuta pengine pa kutokea. Chumvi huganda ndani ya jiwe na kulimumunyua. Vichwa vya boriti vilivyozama ukutani huoza bila mtu kuviona, kwa kuwa vigae bado vinang'aa. Bomba la sinki lililofukiwa ukutani likivuja, ugonjwa ni ule ule, ila unakwenda mbio. Kisha watu hupandisha tangi la maji darini. Lita 1,000 ni kilo 1,000, na fundi aliyezitandaza boriti zile hakuhesabu mzigo huo.

Zanzibar ilipata pigo tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, ilipoporomoka na kuua watu wawili. Hatusemi ni jiko lililoliangusha jumba lile. Tunasema jengo kongwe likianguka huangukia watu.

Na moto je? Aliyeliacha jiko juu akaingiza mtungi wa gesi chini ya makuti amewawekea hatari majirani wote, katika mji ambao vichochoro vyake ni vya miguu na punda, gari la zimamoto halipiti. Jiko la gesi halikai chini ya makuti. Hapa hatuoni la kujadili.

Njia ya halali ipo, wala si ya anasa. Sinki liwekwe karibu na mahali maji machafu yanapotokea tangu zamani. Mabomba yapite nje ya ukuta, yaonekane, ili yakivuja yajulikane siku hiyo. Makabati yasimame kwa miguu yake yenyewe, yaweze kuondolewa kesho bila kuacha jeraha. Lipu iwe ya chokaa. Tangi likae chini, pampu ipandishe maji. Mwashi asiyejua kazi ya chokaa aseme hajui, amwachie anayejua. Kupokea ujira wa kuharibu ni hiana, hata kama mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyeagiza.

Wenye mamlaka nao hatuwaachi. Ombi la kibali cha ujenzi lisilojibiwa kwa miezi ni mwaliko wa kujenga usiku. Ofisi ya urithi inapaswa kumpa mwombaji jibu la maandishi kwa wakati, na pamoja na jibu hilo mchoro unaomwonyesha jiko linaloruhusiwa, maana neno "hapana" peke yake halipiki chakula. Serikali ya kaunti igharimie vijana wafunzwe kuchoma chokaa na kupiga lipu kabla waashi wazee hawajatutoka. Na popote kazi ilipoanzwa bila kibali, isimamishwe siku hiyo hiyo, mwenye nyumba awe mzaliwa wa Mkomani au tajiri aliyeshuka gatini juzi.