Mama Arejeapo kutoka Ughaibuni



Wengi katika dada zetu wa pwani huenda Saudia na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za nyumbani, aghalabu kwa mkataba wa miaka 2. Humwacha mtoto akinyonya. Warudipo humkuta amejificha nyuma ya leso ya nyanya yake, na huyo nyanya ndiye amwitaye mama. Hapo moyo huumia.

Twamnasihi mama: usimnyakue mtoto. Mwogeshe, mpeleke chuoni, msikilize asomapo. Mapenzi yatarejea taratibu. Nawe nyanya, ambaye umelea kwa ihsani, mshike mkono umsogeze kwa mamake. Mtoto ni amana.

Nasi jamaa, tusimpokee kwa kuhesabu masanduku. Alichochuma tumekwisha kukila kwa karo, mabati na dawa. Huenda amerudi na uchovu tu, na mambo asiyoweza kuyatamka. Tumpe usingizi na faragha kabla ya kumtajia shida zetu, wala tusimuulize, "Utarudi lini?"

Mwenyezi Mungu awarejeshe salama walio mbali. Amin.