Kasi na Bei Yake

Wazazi wengi hukunja uso wakimwona mtoto ameinamia habari za ndege zilizoanguka. Husema ni kujitakia mkosi. Safu hii ina rai tofauti: mwacheni asome, hasa akiwa mtoto wa Meru au Embu, kwani mambo hayo yako karibu naye kuliko anavyodhani.

Mnamo Julai 19, 2003, ndege ndogo ya kukodi iliondoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kuelekea Samburu ikiwa na watalii 12 Wamarekani na marubani 2. Iliugonga Mlima Kenya karibu na kilele cha Lenana, chenye kimo cha mita 4,985. Hakunusurika mtu. Wakazi wa miteremko ya mashariki, kutoka Embu hadi Meru, wanaujua mlima huo: alfajiri uko wazi, mchana umejitanda mawingu.

Miezi mitatu baadaye, Oktoba 24, Concorde ilibeba abiria wa nauli kwa mara ya mwisho. Asomaye habari za ajali hawezi kuikwepa ndege hii. Ilianza kazi Januari 1976, ikienda kwa takriban kilomita 2,180 kwa saa, mara mbili ya kasi ya sauti, hata London hadi New York ikawa safari ya saa tatu na nusu. Julai 25, 2000, Concorde moja ikiondoka Paris ilikanyaga kipande cha chuma cha sentimita 43 hivi, kilichodondoka kutoka ndege nyingine. Tairi lilipasuka, pande la mpira likapiga chini ya bawa, mafuta yakamwagika na kuwaka. Watu 113 walikufa, wanne kati yao wakiwa ardhini, hotelini.

Wengi husema ajali hiyo ndiyo iliyoiua Concorde. Si kweli tupu. Matangi yalitiwa bitana imara, matairi yakabadilishwa, na Novemba 2001 ikarudi kazini. Kilichoishinda ni hesabu. Ilibugia mafuta kupindukia, kishindo chake kiliifanya ikatazwe kwenda kwa kasi hiyo juu ya nchi kavu ya Marekani, na baada ya Septemba 11, 2001, abiria wakapungua.

Kwa hesabu hizo, mtu wa Meru angeweza kumfunza Mfaransa. Methali ya haraka haraka haina baraka, hebu inene mjini Maua pikapu zinapopakiwa mabunda ya miraa yaliyofungwa kwa majani ya migomba. Utachekwa! Miraa ikinyauka haina bei, kwa hivyo kila saa inayopotea njiani inakula mali ya mwenyewe. Abiria wa Concorde alipokosa saa zake, alifika tu amechelewa, tena ameshiba.

Lakini kasi ya miraa nayo imeua. Julai 2, 2014, kabla ya mapambazuko, ndege ya mizigo aina ya Fokker 50 iliyobeba miraa kwenda Mogadishu iliangukia jengo mtaani Utawala, Nairobi, punde tu baada ya kuruka. Wote 4 waliokuwamo walikufa.

Na barabarani je? Kuanzia Maua, kupitia Meru, Chuka na Embu, mwenye duka kando ya njia anajua kujitenga na lami pikapu hizo zinapovuma. Kule Paris wachunguzi waliking'ang'ania kile kipande cha chuma mpaka wakaitambua ndege kilikotoka. Pikapu ikipinduka kwetu, tunasema dereva alikuwa na haraka, tunapita. Kijana aliyesoma habari za Concorde hatatosheka na jibu hilo. Atauliza breki zilikaguliwa lini, dereva alilala saa ngapi, na ni nani aliyempangia saa ya kufika uwanjani.