Mgema Asiyejulikana: Adabu ya Tembo la Kaloleni

Hakuna mwanafunzi wa Kiswahili asiyeijua methali isemayo kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hufafanuliwa madarasani na kutahiniwa mwaka nenda mwaka rudi. Hata hivyo, wengi wa wanaoifafanua hawajapata kumwona mgema akikwea mnazi, wala hawajui tembo lililotiwa maji hutofautianaje na lisilotiwa. Methali imebaki, lakini ujuzi ulioizaa unawaponyoka wasomi.

Hali ni tofauti nchini Japani. Anayeanza kunywa chai ya matcha huko hafunzwi ladha pekee. Hufunzwa kwamba majani yake hukingwa jua kwa majuma kadhaa kabla ya kuchumwa, kisha husagwa kwa jiwe. Kwamba unga wake hupigwa kwa kifagio kidogo cha mwanzi katika maji ya moto yasiyotokota. Na kwamba mgeni huligeuza bakuli ili asinywee upande wake wa mbele. Sen no Rikyū, aliyefariki mwaka 1591, angali anaheshimiwa kwa jinsi alivyoiadilisha sanaa hiyo. Hakuna anayeuita utaratibu huo ushamba. Kwa nini basi kinywaji cha Kaloleni, ambacho nacho kina adabu zake, kitajwe kwa ulevi peke yake?

Katika mashamba ya Kaloleni, kaunti ya Kilifi, mgema hukwea asubuhi na jioni. Kwa kotama yake hukata ncha ya karara changa, kipande chembamba kila mara, na utomvu hudondoka chomboni. Karara lililogemwa halizai nazi. Kwa hiyo kila kata ya tembo ni nazi zilizosamehewa. Utomvu huwa mtamu mwanzoni, lakini huanza kuchachuka ungali juu ya mti. Baada ya saa chache huwa mkali, na kesho yake huelekea kuwa siki. Somo la kwanza la mgeni, basi, ni kuuliza tembo limegemwa lini. Asiyeuliza hawezi kujua anachokionja.

Somo la pili ni la heshima. Mgiriama hukiita kinywaji hiki uchi, neno linalomshtua Mswahili wa mbali mpaka afafanuliwe. Mwenyeji hutangulia kuonja ili mgeni aondokewe na shaka. Katika tambiko, kiasi humwagwa chini kwa ajili ya koma, yaani mizimu ya wahenga. Posa nayo huambatana na kadzama ya tembo inayopelekwa kwa wazazi wa msichana. David Parkin, katika kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu Wagiriama, aliiweka minazi, tembo na mashahidi katika anwani moja. Hakukosea, kwani wazee waliokutana katika harusi na matanga ndio waliotegemewa kukumbuka nani alimuuzia nani shamba na minazi. Pasipo hati, kumbukumbu yao ilikuwa ndiyo hati.

Wapo watakaopinga, na hoja zao hazipaswi kupuuzwa. Ulevi umevunja nyumba nyingi pwani, na fedha za karo zimeishia mangweni. Mwislamu naye amekatazwa kileo, na wala hatakiwi kukigusa ili aijue methali. Lakini kujua si kunywa. Isitoshe, adabu ndiyo iliyokuwa kizuizi cha kwanza cha ulevi: palipokuwa na mzee wa kutangulia na sababu ya kukutana, haikuwa rahisi kwa kijana kunywa peke yake tangu macheo. Ikiondolewa adabu, hubaki kileo kitupu.

Sheria pia imechangia kulisahaulisha jambo hili. Sheria ya vileo ya Kenya ya mwaka 2010 iliyaruhusu mabaa kufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi. Saa hiyo yaifaa bia, ambayo hungoja ndani ya chupa. Tembo lililogemwa alfajiri halingoji. Anayelinywa jioni hunywa lililokwisha kuwa kali, na huenda akadhani kwamba hiyo ndiyo ladha yake.

Basi ni wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili, hasa walio karibu na Kilifi, kwenda Kaloleni na daftari. Wamuulize mgema majina ya zana zake, ya hatua za kazi yake na ya ladha anazozitofautisha toka asubuhi hadi jioni, kisha wayaandike kabla wenye kuyajua hawajaondoka. Kotama, karara na kadzama si maneno ya walevi. Ni maneno ya kazi, ya ndoa na ya ushahidi. Methali yenyewe yaonya juu ya sifa zinazotolewa ovyo. Anayeweza kumsifu mgema kwa haki, na kumkanya inapobidi, ni yule tu anayelijua tembo lisilotiwa maji.